Koti Aliloleta Jenerali

Baba alichukuliwa akiwa na shati tu. Kwetu mlimani, karibu na mpaka wa magharibi, asubuhi za mwezi wa sita zina baridi ya kuingia mifupani. Kwa hiyo lori la jeshi lilipoondoka na wanaume wa kijiji, jambo la kwanza alilofanya mama ni kurudi nyumbani kuchukua koti la baba. Alilikunja, akalitia kwapani, akaanza kutembea. Alienda nalo kambini akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Akaenda nalo kituo cha polisi, kisha hospitali, kisha mochari. Kila mahali alijibiwa vilevile, na kila mahali alirudi na koti.

Mimi nilikuwa darasa la saba. Mdogo wangu wa kike alikuwa ndio anasimama dede. Mama alipofariki, shangazi yetu aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mananasi alikuja kutuchukua, akatuleta Thika. Ndani ya basi nilimfunika mdogo wangu kwa lile koti. Baadaye shangazi naye alipotuacha, na mdogo wangu akawa anaanza shule bila begi, nililikata koti nikamshonea mfuko wa vitabu. Kitambaa kilikuwa kizuri, kikamfikisha darasa la nne.

Shule yangu ilikuwa imekwisha. Nilifua nguo za watu Kamenu, nikachuma kahawa upande wa Ruiru, na sasa nina kibanda cha chapati na maharagwe hapa Kiganjo. Mdogo wangu amesomea uuguzi. Mimi sijuti chochote.

Jenerali mwenyewe, mkuu wa jeshi lililokuja kwetu, nilimwona mara moja tu utotoni, siku ileile ya lori. Wanaume walikuwa wamekalishwa chini katika uwanja wa shule ya msingi, mikono kichwani, naye akashuka kwa helikopta. Alizungumza na sisi wanawake na watoto kwa kipaza sauti, kwa upole kabisa. Alisema, "Akina mama, msiwe na wasiwasi. Wataulizwa maswali machache. Jioni mtawapikia." Mama alipika jioni ile.

Tangu hapo nimemwona kwenye televisheni tu. Nimemwona akivishwa nishani. Nimemwona akirudi kutoka nchi za watu alikopelekwa kulinda amani, nikajiuliza amani gani hiyo. Alipostaafu akajenga nyumba za kupangisha Ruiru, akawa mzee wa kanisa, mtu wa kukaa kiti cha mbele. Kisha mawakili na familia zilizopoteza watu wakaanza kumtaja. Walisema watu waliteswa, na kwamba kuna waliopandishwa malori wasionekane tena. Yeye akakaa mbele ya kamera, suti imemkaa vizuri, akasema kazi yake ilikuwa ya ofisini, kwamba hakuwahi kukanyaga uwanja huo, na kwamba hao wanaotafutwa walivuka mpaka wakaoa wake wengine.

Nilikuwa nasukuma chapati. Nilinyoosha mkono nikazima televisheni.

"Mama chapo, si utuachie habari," mteja mmoja akalalamika.

"Stima ni yangu," nikamwambia.

Sasa mdogo wangu akapata mchumba. Kijana wa Ruiru, Mkikuyu, fundi wa mitambo ya maji, mpole, anakula chapati zangu bila kuomba punguzo. Baba yake alikufa zamani, na aliyemsomesha ni kaka mkubwa wa baba. Nilijua tu kwamba huyo anko ni mwanajeshi mstaafu. Wanajeshi wastaafu ni wengi huku. Siku chache kabla ya wageni kuja kwa ruracio, yaani kuleta mahari, mdogo wangu alinionyesha picha kwenye simu. Kijana amesimama, na pembeni yake, mkono begani mwake, yule mtu.

Niliitazama picha mpaka simu ikajizima.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua. Ningekuambia ungekubali?"

"Hapana."

"Basi ndiyo maana." Alikuwa analia bila sauti, kama anavyofanya tangu utotoni. "Dada, ni siku moja tu. Yeye ndiye amemlea. Asipokuja yeye hakuna mwingine wa kusimama. Wewe zaidi ya wote si unajua kulelewa na mtu asiye mzazi wako? Nyamaza siku moja, kisha hutamwona tena."

Sikusema ndiyo na sikusema hapana, nikaenda kuchambua maharagwe ya kesho.

Siku ilipofika tulikodi hema na viti, mwenye ploti tunayopanga akatukubalia uwanja wake. Baba mdogo, ndugu wa baba, alikuja kutoka nyumbani kusema kwa niaba yetu. Mdogo wangu alifungiwa chumbani pamoja na wasichana wengine, wote wamefunikwa leso kichwa hadi miguu, ili bwana harusi amchague wa kwake bila kumwona. Majirani wanawake walifunga geti na kuimba mpaka wageni wakaongeza kreti ya soda.

"Tumekuja kwa amani," mzee mmoja wa Kikuyu akaanza. "Kuna kondoo wetu amepotea, tukafuata nyayo zikatuleta hapa."

Baba mdogo akajikuna kidevu. "Kondoo hapa Kiganjo? Mwenye nyumba hakubali hata kuku. Hebu nendeni mkaulize buchari."

Watu wakacheka sana. Jenerali naye alicheka. Alikuwa amezeeka vizuri, mgongo umenyooka, viatu vinang'aa kama sahani.

Kabla ya chakula nilipita na birika na beseni kunawisha wageni, maana hiyo ndiyo kazi ya mwenye nyumba kwetu, na nilikataa kumwachia mtu mwingine. Nilipofika kwake alinyoosha mikono. Ilikuwa mikono safi, kucha zimekatwa sawasawa. Nikaimwagia maji.

"Asante, mama. Umeyapasha vizuri," akasema. "Wewe ndiye mamake msichana?"

"Mimi ni dada yake. Wazazi hawapo."

"Pole sana. Umefanya kazi kubwa."

Ilikuwa sauti ileile ya uwanjani. Nikaenda kwa mgeni wa pili.

Walikula, wakajadiliana, wakabishana kuhusu mbuzi, wakakubaliana. Kisha zikaja zawadi. Mama wa kijana alinifunika blanketi mabegani, akanikumbatia, akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba aliyelea ndiye mzazi. Blanketi hilo nililipokea kwa moyo wangu wote, na hata leo nalala nalo.

Likabaki koti. Kwao na kwetu desturi hii ni moja: baba wa msichana huvishwa koti na mkubwa wa upande wa mume, na lisipovaliwa, ni kama wageni hawajafika. Jenerali akasimama. Akalitoa kwenye mfuko wake wa nailoni, koti la kahawia, zito, bitana ya hariri. Akalishika mabegani, akalifungua.

"Baba asimame nimvishe."

"Baba alitangulia," akasema baba mdogo. "Nitasimama mimi." Tayari alikuwa amevua koti lake na kuliweka kitini.

Nilikuwa nyuma ya hema na sinia la vikombe. Nikaliweka chini.

"Baba mdogo, keti," nikasema. "Wewe una koti."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa kuongeza mbuzi. Jenerali akatabasamu. "Haya, mama mwenye nyumba. Sasa nimvishe nani?"

"Mvishe baba mwenyewe. Wewe ndiye uliyempeleka."

Kicheko kikakatika, kikianzia viti vya mbele. Baba mdogo aliniita kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, akisema nisilete kisirani. Sikumtazama. Nilikuwa nafikiria chumba kile chenye wasichana waliofunikwa, na mmoja wao akisikia kila neno bila kumwona mtu. Nilijua ninachomfanyia. Nikaendelea.

"Alipandishwa lori katika uwanja wa shule, siku uliyotuambia tupike. Hakuwa na koti. Mama alimtafuta nalo mpaka akafa."

Jenerali hakushusha mikono. "Dada, leo ni siku ya watoto. Usiichafue. Huko kwenu kulikuwa na majambazi, walikuwa wanawachomea nyumba zenu wenyewe. Nani aliwaokoa?"

"Ni kweli walikuwapo. Malori yenu yalipokuja tuliwapigia makofi. Lakini baba yangu alikuwa fundi. Alitoka kutengeneza madawati ya shule hiyohiyo, penseli bado iko sikioni."

Akanitazama kama mtu aliyechoka kusikia habari moja. "Siku ile kila mtu pale uwanjani alikuwa fundi," akasema. "Au mwalimu. Hatukukuta jambazi hata mmoja."

Mzee mmoja alianza kucheka, akaacha.

Bwana harusi ndiye aliyezungumza. Hakupaza sauti. "Anko, si ulituambia hukuwahi kufika huko?"

Jenerali alilikunja koti kwa mikunjo minne, mikono ndani, jinsi jeshi linavyofundisha kukunja, akaliweka juu ya kiti chake na kutembea hadi kwenye gari. Wazee wawili walimfuata. Wengine walibaki wakitazama soda zao. Kijana aliyelelewa naye alibaki pia, ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemwita akachague msichana.

Baba mdogo aliondoka kesho yake bila kunywa chai. Aliniambia nimeaibisha ukoo, na kwamba waliokufa hawaolewi bali walio hai ndio huolewa. Labda ni kweli. Mdogo wangu aliosha masufuria yote, akaenda zamu yake hospitalini, akarudi, akalala, bila kunipa neno. Ilikuwa hivyo kwa siku nyingi. Tuliishi chumba kimoja tukipitana kama watu wa ploti tofauti. Koti nalo lilikuwa limeachwa juu ya kiti. Mwenye viti vya kukodi alipokuja kuchukua vyake, nilimpa mtu wa bodaboda alirudishe Ruiru. Askari wa getini kwa jenerali alikataa kulipokea. Likarudi, na nauli ya kurudi nikalipa mimi.

Jumapili moja kijana alikuja na mama yake. Alisema ameshahama nyumba ya anko wake. Alikuwa amemwuliza swali lile mara tatu, akajibiwa kwamba mtoto aliyesomeshwa hamhoji aliyemsomesha. Alimwomba mdogo wangu amsubiri. Kuhusu koti, alisema atakwenda yeye mwenyewe huko kwetu kuuliza aliyepaswa kulivaa yuko wapi, na akiambiwa yuko juu mlimani, atapanda. Mama yake alikuwa amenishika mkono muda wote huo.

Walipoondoka, mdogo wangu alikaa kitandani. Alilishusha koti kutoka kwenye msumari nilikolitundika, akapitisha vidole kwenye bitana, akalirudisha. Nilikuwa nakanda unga. Nilingoja anitukane, kwa sababu alikuwa na haki hiyo.

"Hiyo penseli," akasema. "Ilikuwa sikio gani?"

"La kushoto," nikamwambia. "Mkono wake wa kuandikia ulikuwa wa kushoto."

Akautazama mkono wake mwenyewe wa kushoto, ule anaoandikia, kisha akasogeza kiti karibu na meza, akaanza kunisaidia kukata madonge.