Jirani Aliyejua Kumnyamazisha

Mtoto wangu alikuwa na wiki tano alipoanza kulia kila siku saa kumi na moja jioni, bila kunyamaza mpaka saa mbili usiku. Alikunja miguu, akakaza tumbo, uso ukaiva. Nesi wa kliniki aliniambia ni msokoto wa tumbo, watoto wengi huupata, utaisha wenyewe akifika miezi mitatu au minne. Sikutaka kusikia habari ya miezi.

Katika ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Kitengela, majirani walijibu kilio kwa kuongeza sauti ya redio. Mmoja tu alibisha hodi, mama wa mlango wa pili, aliyelea wanne. Alimlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, kiganja chini ya tumbo, akatembea naye taratibu kwenye korido. Mtoto akacheua, akanyamaza. Tangu hapo alikuja kila jioni akishaanua nguo. Nilimpenda kuliko dada zangu.

Kisha mama mkwe akafika kutoka Vihiga. Alikaa kwenye kochi siku tatu akitukodolea macho.

"Kwani hamuoni?" akasema. "Akishikwa na huyo, ananyamaza. Akiachwa, analia. Huyo mama ako na macho mbaya, akiangalia mtoto anamdhuru. Yeye ndiye anafunga tumbo, yeye ndiye anafungua. Mwambie amtemee mate kwa tumbo aondoe hayo macho, hii maneno iishe."

Upuuzi mtupu. Mume wangu, bingwa wa kukodolea simu, akasema, "Si umwambie tu, Mama atulie." Niliwachukia wote wawili, na bado nawachukia. Lakini nilikuwa nimechoka mpaka akili, na jioni ile nikamwambia jirani, mtoto akiwa mkononi mwake.

Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Na wewe unasema nini?"

Nikatazama sakafu. Akanirudishia mtoto wangu polepole, akaenda kwake, na hakuja tena.

Kilio kiliendelea wiki sita nyingine, kisha kikakoma chenyewe, kama nesi alivyosema. Mama mkwe akapiga simu kwao kujisifu kwamba amemshinda mchawi. Ningemkemea, lakini kwa mdomo gani?

Siku moja mchana nikambeba mtoto, mnene, anacheka, nikabisha mlango wa pili. Jirani akafungua. Alipoona nimembeba nani, akajifunika macho kwa leso yake.

"Mrudishe kwa nyumba," akasema. "Akilia leo jioni, mtasema ni mimi."