Nchi Iliyopakwa Buluu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa pwani. Ndivyo tulivyosema katika chumba cha ramani cha shirika moja la kuchapisha vitabu vya shule, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa, katikati ya jiji la Nairobi. Mchora Ramani Mkuu, mzee wa Mutuini, pembeni mwa jiji, aliyefunga tai hata Jumamosi, alinitandikia karatasi angavu juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akanipa kalamu yenye ncha nyembamba kama ya sindano.

"Ramani huanza na maji, Bi Mwanaisha," alisema. "Chora mwambao kwanza. Kisha maziwa, mito, mipaka, na miji mwisho."

"Na nchi isiyo na mwambao, mzee, huanza wapi?"

Alinitazama kwa juu ya miwani. "Huanza na majirani zake."

Jibu lile halikunipendeza. Nilizaliwa Mombasa, katika nyumba ambayo bahari iliingia hadi katika mazungumzo ya chakula cha mchana, na sikuwa na sababu yoyote ya kuwatetea watu wa bara. Hata hivyo niliona palepale kwamba nchi inayochorwa kwa mipaka ya wenzake haichorwi kwa hakika. Hubaki tu, kama tundu kitambaani baada ya fundi kukata vipande alivyovihitaji.

Kanuni ya pili nilifundishwa wiki hiyohiyo, nayo ndiyo sababu ya mimi kuandika haya. Mchoraji akimaliza mistari, karatasi ilikwenda kwa mtia rangi, mtu ambaye hakulipwa kujua jiografia. Yeye aliona mistari iliyofungamana, basi. Ili asipotee, chumba chetu kilikuwa na desturi: umbo lililofungwa katikati ya nchi kavu, lisilo na jina ndani yake, ni ziwa, nalo hupakwa buluu. Kwa hiyo karatasi haikuruhusiwa kutoka mezani kabla majina hayajaandikwa. Nchi ikiwa ndogo mno kubeba jina lake, jina huwekwa nje, mara nyingi baharini palipo na nafasi, na mstari mwembamba huchorwa kutoka kwenye jina hadi ndani ya nchi. Tuliuita mstari wa kuongoza. Mzee alikuwa akiukagua kwa kioo cha kukuzia huku akinung'unika, "Ukikata huu, umemkata mtoto kitovu kabla hajazaliwa."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa meza ya uhariri, chini ya Mhariri Mkuu, mama mwenye sauti ya chini ambaye hatukupata kumwona akikimbia. Aliniachia sura moja ya kitabu cha jiografia cha shule za msingi, sura niliyoirithi kwa mwandishi aliyekwisha ondoka, inayoihusu Lesotho. Aliisoma mbele yangu kwa sauti: haina bahari, haina ardhi ya kutosha ya kilimo, haina viwanda vikubwa, haina jirani ila mmoja. Akaiweka chini.

"Huyu ametuandikia yasiyokuwepo," alisema. "Mimi nataka kujua kuna nini. Usirudi hapa kabla hujamsikia mtu aliyezaliwa huko."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu, vijana wangu mliorithi meza zetu. Hatukuandika juu ya nchi ya watu kabla ya kuketi na mmoja wao. Leo naambiwa ni kupoteza wakati.

Mtu huyo nilimpata Lavington, mtaa wa matajiri, nyuma ya ukuta mrefu, katika nyumba ndogo aliyopangishwa uani mwa nyumba kubwa. Aliitwa Palesa, mtaalamu wa lishe aliyekuja Nairobi kikazi akaolewa na kubaki. Askari wa langoni aliniuliza mara mbili kama sikukosea njia. Palesa aliniita 'M'e, yaani mama, maana ndivyo kwao wanavyomheshimu mwanamke aliyewazidi umri, nami nikamwita vivyo hivyo. Nilimsomea ile sura. Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai.

"'M'e Mwanaisha, ukimwelezea mgeni mama yako, utaanza na meno yaliyong'oka?"

"Wewe ungeanza wapi?"

"Juu. Kwetu kila kitu kinaanza juu."

Akaanza, nami nikaandika. Lesotho ndiyo dola huru pekee duniani ambayo eneo lake lote liko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Bonde lake la chini kabisa wengine wangeliita mlima. Milima ya Maloti hufunikwa na theluji wakati wa kipupwe, na wachungaji hujifunika mablanketi mazito ya sufu, ambayo kwao ni vazi la heshima, la harusi na la baraza. Mto Senqu huzaliwa huko, ukishuka kwa jirani hubadilishwa jina na kuitwa Orange. Maporomoko ya Maletsunyane huanguka kwa mruko mmoja ndani ya korongo, na wakati wa baridi kali kando zake huganda. Farasi wadogo wenye kwato imara hupita palipomshinda dereva. Kwenye mlima wenye kilele bapa uitwao Thaba Bosiu, mfalme mwasisi aliwakusanya watu waliokimbia vita, akawafanya taifa.

Kuhusu uchumi hakunificha chochote. Vizazi vya wanaume vilishuka migodini Afrika Kusini na kurejea na vifua vibovu. Wanawake wanashona nguo viwandani Maseru kwa ajili ya masoko ya mbali. Kuna almasi, kuna sufu, kuna manyoya laini ya mbuzi wa Angora. Lakini bidhaa aliyoitaja huku amenyoosha mgongo ilikuwa maji. Nchi hiyo imezuia mito yake kwa mabwawa makubwa, Katse likiwa maarufu zaidi, ikapitisha maji ndani ya milima kwa mahandaki hadi kwa jirani yake tajiri.

"Wao wana bahari mbili," alisema Palesa, "na bado wanakunywa kwetu."

Mhariri Mkuu aliisoma sura mpya bila kugusa kalamu nyekundu. Nilitoka ofisini mwake nikitembea kama mtu aliyevishwa kilemba.

Kisha wakubwa wangu walistaafu, mmoja baada ya mwingine, na Mchora Ramani Mkuu akazikwa kwao Mutuini. Shirika liliuza meza za kioo, likahamia nyumba ya kifahari Lavington, yenye bustani ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Ramani sasa zilichorwa kwa kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na Meneja Mauzo, ambaye aliingia katika shirika letu akitokea kampuni ya sabuni, na akatazama ramani kama anavyotazama pakiti.

Alipoletewa ramani mpya ya Afrika, ya kitabuni na ya ukutani, aliinyooshea kidole Bahari ya Hindi. "Hii mistari midogo midogo inachafua bahari. Toeni. Hapo nataka nembo yetu." Mistari ikatolewa, na pamoja nayo majina iliyokuwa ikiyabeba, likiwamo la Lesotho. Mimi sikuonyeshwa, kwani kazi ya wahariri, tuliambiwa, ni maneno. Faili likaenda kwa mbunifu, kijana mwenye adabu aliyeitwa Brayo, aliyekuwa amejifunza desturi za chumba cha ramani kutoka kwa waliofundishwa na waliofundishwa na mzee. Akaona umbo lililofungwa katikati ya nchi kavu, halina jina. Akafanya alivyofundishwa. Vitabu vikachapishwa, vikasambazwa.

Palesa alinipigia simu kazini. Alikuwa hajawahi kunipigia kazini.

"'M'e, binti yangu anaitwa samaki."

Binti huyo, Lineo, alikuwa darasa la tano. Mwalimu alikuwa ametundika ramani mpya na kumwita aonyeshe kwao kina mama yake. Mtoto aliweka kidole pale anapopajua tangu utotoni, na kidole kikatua ndani ya ziwa. Darasa zima likaangua kicheko. "Kumbe nyinyi mnaishi kwa maji! Leta omena!" wakimaanisha dagaa wa ziwani. Mwalimu, badala ya kuwanyamazisha, alifungua kitabu, akaona buluu, akamwambia Lineo arudi aulize nyumbani vizuri.

Nilishuka hadi chumba cha ubunifu. Brayo, aliyezoea kuniita Mathe, yaani mama, aliitazama ramani.

"Woi, Mathe. Si nilidhani ni ziwa? Haikuwa na jina ndani."

"Hukukosea, mwanangu. Jina lilikuwa baharini. Limeondolewa."

Nilikwenda kwa Mkurugenzi, na Meneja Mauzo akaitwa. Nilisema kwa utulivu, maana wakati ule bado niliamini utulivu. Nilitaka vitabu virejeshwe. Ikishindikana, kila shule ipelekewe kibandiko chenye nchi hiyo, rangi yake na jina lake, kibandikwe juu ya kosa. Ni jambo ambalo wachapishaji waungwana wamelifanya siku zote.

"Bi Mwanaisha," alisema Mkurugenzi, "hapa Nairobi nani atajua?"

"Yuko mtoto mmoja anayejua."

"Mmoja!"

Meneja Mauzo alicheka. "Na si wewe mwenyewe uliandika wanauza maji? Basi tumewapaka maji. Ni kama tangazo."

Sijapata kumpiga mtu maishani mwangu. Naeleza tu kwamba juu ya meza ile palikuwa na jiwe zito la kushikilia karatasi, na kwamba niliweka mikono yangu mgongoni. Nikaomba jina langu liondolewe kwenye kitabu. Mkurugenzi alikataa; jina langu, alisema, walimu wanaliamini. Fikirini maana ya maneno hayo. Jina la nchi nzima lilifutwa ili nembo ipate nafasi, na langu likazuiliwa lisifutwe ili uongo upate mdhamini.

Muda wangu wa kustaafu ulikuwa umekaribia. Wakanifanyia sherehe bustanini, siku pekee nilipoona watu wameikanyaga nyasi ile. Mkurugenzi alitoa hotuba kuhusu uaminifu wangu kwa ukweli, kisha zawadi ikafunuliwa: ramani ya Afrika ndani ya fremu ya mbao ya mvule. Ramani ileile. Ziwa lilikuwa pale, buluu safi, limeng'aa chini ya kioo. Hawakunuia kunidhihaki. Ningefarijika kama wangenuia. Walikuwa wamesahau.

Nilimwomba Brayo bisibisi. Nikaondoa kioo mbele ya wageni, nikatoa kwenye mkoba kalamu yenye wino mweupe niliyokuwa nimeinunua mjini asubuhi kwa kazi nyingine, na juu ya buluu ile nikaandika LESOTHO kwa herufi ndogo zilizosimama wima, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyepiga makofi ila Brayo. Meneja Mauzo aliuliza kwa sauti, "Sasa huyu amekasirika nini?"

Ramani ile nilimpelekea Palesa, naye akaipeleka darasani kwa Lineo. Mwalimu aliipokea, akaitundika, na kwa muda watoto wakaacha kuomba omena. Nilijiona nimeshinda.

Sasa naishi Mutuini, katika nyumba ya kupanga isiyo mbali na boma la marehemu mzee wangu. Nilidhani hasira ingestaafu pamoja nami. Mwezi uliopita Lineo alikuja kunitembelea na mama yake. Yuko sekondari, mrefu kuliko sisi sote, ana kicheko cha haraka. Alikuwa na chapa mpya ya kitabu chetu, iliyoandikwa jaladani kwamba imesahihishwa. Jina langu lilikuwa bado juu yake. Nilifungua kwa pupa ukurasa wa ramani.

Ziwa halikuwepo. Mtu fulani alikuwa amelalamikiwa hatimaye, na akaliondoa kwa njia nyepesi kuliko zote: alifuta mstari wa mpaka na kuiacha rangi ya manjano ya Afrika Kusini ijimwage mpaka katikati. Hakuna duara, hakuna jina, hakuna pa kuweka kidole. Sura niliyoiandika kutoka kinywani mwa Palesa ilikuwa ingali pale, ukurasa unaofuata, na milima yake na maporomoko yake, ikisimulia nchi ambayo kitabu chenyewe kinasema haipo.

Palesa alisoma juu ya bega langu. Lineo ndiye aliyesema, tena akitabasamu, jambo lililonichoma zaidi.

"Bibi, afadhali tulipokuwa ziwa. Ziwa angalau linaonekana."

Nilikwenda ndani nikaileta kalamu ya kuchorea. Nilitaka kuanza mimi, kisha nikampa yeye. Nilimwonyesha namna ya kuishika na pa kuanzia. Hakuanza na majirani. Aliweka ncha kwenye manjano tupu ya ramani ile, mahali ambapo Senqu huzaliwa, na kabla ya mpaka, kabla ya mto, aliandika jina.

Nanyi mnaoketi leo kwenye viti tulivyovikalia sisi, fanyeni kama alivyofanya mtoto huyu. Mimi nina wino, na ninazijua njia za kwenda katika kila shule kuanzia hapa hadi Lavington. Msipoliandika jina hilo nyinyi, nitakwenda kuliandika mwenyewe.