Fundi Niliyemwambia Ni Mzima

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na aibu yake haijapoa. Nilikuwa msichana, mpimaji macho kwenye kliniki moja ya Mbagala, na nilijiona najua kuliko wote. Akaja Rehema, fundi cherehani, na mumewe. Miezi miwili nyuma Rehema alikuwa amegongwa na pikipiki, akaumia kichwa. Kidonda kilipona, lakini kushona kulimshinda. Alikuwa anaharibu nguo za wateja, na mumewe alishapata mtu wa kununua cherehani chake.

Nikamziba jicho la kulia, akasoma ubao mpaka mstari wa mwisho. Nikaziba la kushoto, akasoma vilevile. Nikaandika kwamba macho ni mazima, kisha, Mungu anisamehe, nikamwambia mumewe kuwa mkewe anadeka tu. Rehema alijifuta machozi kwa ncha ya khanga, na mumewe akatoka nje.

Mwalimu wangu, Mama Tabitha, alikuwa amesimama mlangoni. Mtu kama yule sijamwona tena: hakuwa na haraka na mgonjwa yeyote, hata foleni ifike barabarani. Akampa Rehema sindano na uzi, atunge. Uzi ukapita pembeni mara nne, mara tano. Akamziba jicho moja kwa kiganja, na uzi ukaingia.

"Nikifungua macho yote naziona sindano mbili, mama," Rehema akasema kwa sauti ndogo. "Naogopa kusema, wataniona nimerukwa na akili."

Mama Tabitha akanieleza kwamba kichwa kikiumia, kila jicho linaweza kuona vizuri peke yake, lakini ubongo usiweze kuunganisha picha mbili ziwe moja. Hakunifokea. Alisema tu, "Nenda kamwambie mumewe kwamba aliyekosea ni wewe."

Nilienda nikamwambia. Cherehani hakikuuzwa. Rehema alipewa miwani maalumu na mazoezi, akahangaika nayo miezi mingi, akaanza na mapindo, mwishowe magauni.

Leo nyie wapimaji vijana mna mafunzo kamili ya macho ya watu walioumia ubongo. Nawaonea fahari, na wivu kidogo. Basi, mwanangu, mgonjwa wa namna hiyo usimpime jicho mojamoja ukaishia hapo. Muulize kazi yake, mtazame akiifanya. Vipimo vyako vikipingana naye, mwamini kwanza, halafu upime upya. Mungu akupe mikono mitulivu, na akujalie moyo usioona haya kusema mbele ya watu, "Nimekosea."