Sola Iliyofanya Kazi Jumamosi na Jumapili Tu

Kule Mfangano, upande wa Sena, mgeni akiuliza kwa Orpah ni wapi, hakuonyeshwa kwa kidole. Aliambiwa angoje jioni, saa kumi na mbili kasorobo, asikie sauti. Sauti yenyewe ilikuwa ya Bhoke, mke wa mwanawe, ikitokea jikoni na kuvuka boma zima mpaka ufuoni walikokuwa wavuvi wakipanga nyavu: "Mama, maji iko tayari."

Orpah alichukua taulo yake, akaiweka begani, akaenda bafuni polepole. Bafu lilikuwa nyuma ya nyumba yake, la mabati, na njia ya kulifikia ilipita kando ya ua wa Dolphine, mke mwenzake. Kulikuwa na njia nyingine fupi zaidi, lakini Orpah hakuwa na haraka. Mume wao alikuwa amekufa miaka kumi na minne iliyopita, na tangu hapo wale wajane wawili hawakuwa na kitu kikubwa cha kushindania. Walibaki na vidogo. Mke wa mwana wa Dolphine alikuwa Nairobi, kwa hiyo Dolphine alijichemshia maji mwenyewe, kimya kimya.

Heshima hiyo ya kuchemshiwa maji Orpah hakuipata bure. Yeye mwenyewe alimchemshia mama mkwe wake maji kwa miaka kumi na saba. Alipanda mlima kutafuta kuni akiwa na mimba, alipanda akiwa na malaria, alipanda hata siku aliyopata habari kwamba dada yake amefariki, kwa sababu yule mama alisema msiba hauzuii mtu kuoga. Katika miaka kumi na saba hakushukuriwa hata mara moja. Hakulalamika. Alijua zamu ni zamu, na ya kwake inakuja.

Ilipokuja, ilikuja na Mkuria. Cephas alikuwa amesomea ualimu Migori kabla ya kuuacha na kwenda kuuza vipuri vya injini za boti Homa Bay, na huko Migori ndiko alikompata Bhoke, msichana wa Ntimaru. Orpah hakujua Kikuria, Bhoke hakujua Kijaluo, wakaanza kusemezana Kiswahili, na hata Bhoke alipokijua Kijaluo vizuri, wao wawili walibaki na Kiswahili chao kama watu waliozoea njia moja ya kwenda sokoni. Orpah alikuwa na wasiwasi na mtu wa mbali. Lakini siku ya tatu jioni yule msichana alibeba karai la maji moto mpaka bafuni, akaita. Akaita kwa sauti ya Ntimaru, ambako boma la mtu na la jirani hutenganishwa na shamba zima la mahindi na asiyepaza sauti hasikiki. Orpah akasema moyoni, huyu Mungu amemchagua.

Mambo yalikwenda hivyo miaka minane, mpaka kifua cha Bhoke kikaanza kusumbua. Daktari wa Homa Bay alimwambia ni moshi. Cephas alipiga simu, akasema ana dawa, na Jumamosi iliyofuata akashuka kwenye boti akiwa na dawa yenyewe: kioo kipana kama mlango, chenye fremu ya bati, na tangi jeupe la duara. Alikuja pia na fundi, Valary, msichana wa suruali na spana mfukoni.

"Mama, hii ni sola ya maji," Cephas alisema. "Jua linachemsha, wewe unafungua mfereji. Hakuna kuni, hakuna moshi."

"Na nani ananiletea?"

"Hakuna wa kuleta. Yanakuja yenyewe."

"Yenyewe," Orpah alisema.

"Nataka upumzike, Mama."

"Mimi nimechoka na nini? Kuoga?"

Valary aliuliza kifungwe wapi. Cephas alitaka juu ya nyumba yake, yenye mabati mapya, lakini Orpah alimkumbusha kwamba mama haogi katika nyumba ya mtoto wake, hata jua likija kumbembeleza kwa magoti. Mabati ya nyumba yake mwenyewe yalikuwa ya mwaka ambao Cephas alizaliwa. Valary aliyagonga kwa spana, akatikisa kichwa. Mwishoni kioo kilisimikwa chini, kwenye vyuma vifupi kando ya bafu, kikiinama kidogo, na upande wake wa chini ulimfika Orpah kiunoni. Lile tangi jeupe likakaa juu yake, na bomba likaingia bafuni.

Jioni ya kwanza Orpah alikaa kwenye kiti chake akingoja. Saa kumi na mbili kasorobo ilifika, ikapita. Bhoke alitoka jikoni bila karai, amebeba madaftari ya watoto wa chekechea anakofundisha, akaketi kusahihisha.

"Mama, hujaoga?" aliuliza kwa upole. "Maji iko kwa mfereji tangu saa nane."

Orpah alikwenda kuoga. Maji yalikuwa moto kuliko yote aliyowahi kuoga maishani, na hilo lilimkera zaidi. Aliporudi, Dolphine alikuwa amesimama uani kwake akipepeta mtama ambao ulishapepetwa asubuhi.

"Nyieka, mke mwenzangu, leo unalala bila kuoga?"

"Nimeoga."

"Ah. Sikusikia ukiitwa, nikadhani mmekosana na nyar Kuria, yule binti wa Wakuria."

"Siku hizi natumia mtambo."

"Hata yule wa Nairobi anasema ana mtambo," Dolphine alisema. "Ndiyo maana hanipigii simu."

Ikawa hivyo wiki mbili. Watu walimpongeza Orpah kanisani kwa kuwa na mtoto anayemjali. Alipokea pongezi kama mtu anavyopokea rambirambi. Nyumbani Bhoke alianza kuonekana na saa moja nzima ya jioni isiyo na kazi. Akaenda mazoezi ya kwaya, akarudi anaimba. Kifua kilitulia. Orpah aliona ajabu: yeye ndiye anayebaki na wajukuu Bhoke akienda kwaya, na aliyestaafu ni mke wa mwanawe.

Kuhusu kosa lililofuata, lazima isemwe kwamba lilianza bila ubaya wowote. Ilikuwa Jumatatu. Orpah alikuwa amenunua omena mbichi, dagaa wa ziwani, kule ufuoni, usiku mvua ilikuwa imenyesha na mchanga ulikuwa bado umelowa, na bata wa Dolphine walikuwa wameshaanza kukusanyika wakitazama karai. Akatafuta mahali pakavu, pa juu, penye jua. Palikuwepo mahali pamoja tu. Alitandaza kipande cha wavu kuukuu juu ya kile kioo ili samaki wasiteleze, akamwaga omena, akazisambaza vizuri kwa kiganja. Kabla ya saa nane zilikuwa zimekauka zinalia kama karatasi. Omena safi namna hiyo hakuwa amewahi kuanika. Akaziondoa, akafuta kioo kwa khanga, akaridhika kwamba hatimaye kile kitu kimepata kazi.

Jioni Bhoke alifungua mfereji, akaweka mkono, akautoa: jua lililobaki halikutosha, maji yalikuwa baridi. Akafungua tena. Kisha akaenda jikoni, na baada ya muda moshi ukapanda, na baada ya moshi sauti ikavuka boma: "Mama, maji iko tayari."

Orpah alichukua taulo. Dolphine alikuwa uani. Usiku huo Orpah alilala usingizi wa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Jumanne mchanga ulikuwa umekauka. Bata walikuwa wamefungiwa. Hakuna kilichomzuia kuanika omena chini kama alivyofanya maisha yake yote, na tusidanganyane, alijua vizuri anachofanya alipozipeleka kwenye kioo. Bhoke alitoka asubuhi kwenda shuleni na kurudi saa tisa. Omena zilipanda saa tatu na kushuka saa nane na nusu. Jumamosi na Jumapili, kwa sababu Bhoke alishinda nyumbani, Orpah aliliacha jua lifanye lipendalo. Mtu akimuuliza hali ya mtambo wake alijibu kwa masikitiko kwamba vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo.

Wiki ya tatu ya kuanika omena alianza kusikia kitu ambacho hakutaka kusikia. Sauti ilikuja vilevile, kwa saa ileile, lakini ilikatika katikati. "Mama," Bhoke alisema, akakohoa, akakohoa tena, ndipo akamaliza, "maji iko tayari."

Dolphine naye alisikia. "Nyieka, huyo mtoto anakuita kama injini ya boti inayokataa kuwaka."

"Ni vumbi."

"Vumbi la wapi? Tuko katikati ya ziwa."

Orpah alioga kwa haraka siku hiyo. Alijiambia kesho hataanika. Kesho yake aliamka, akatazama kioo, akatazama karai la omena, akajiambia kesho. Alisema hivyo siku nne.

Cephas alisikia kile kikohozi kwenye simu. Jumamosi akaja na Valary tena, uso umekunjamana. Valary alifungua mfereji, maji yakatoka na mvuke, akautoa mkono upesi.

"Mbona hii iko sawa kabisa?"

"Leo ndiyo," Bhoke alisema. "Siku za kazi inakuwa baridi. Jumamosi na Jumapili inakuwa moto."

"Madam, nimefunga hizi kutoka Rongo mpaka Mbita. Sijaona sola inajua kalenda."

Cephas alimtazama fundi kana kwamba fundi ndiye aliyeitengeneza. Valary akapiga magoti, akakagua bomba, akakagua tangi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo, mahali fremu ya bati inapokutana na kioo chenyewe. Kidole kikatoka kinang'aa kwa magamba madogo ya fedha. Akakinusa. Akainua macho polepole mpaka yakakutana na ya Orpah, aliyekuwa amekaa kitini pake ameshika fimbo wima kama hakimu.

"Dana," Valary alimwita kwa heshima, kama bibi yake, "hapa mna paka wengi?"

"Wako," Orpah alijibu.

Valary alijifuta kidole kwenye suruali, akarudi kukagua bomba. Alikuwa msichana aliyelelewa.

Lakini Cephas alikuwa ameshachoka. "Fungua yote," alimwambia. "Ifungwe kwa boti, irudi Homa Bay. Kitu inafanya kazi siku mbili kwa wiki si kitu. Bhoke, pole. Nitatafuta njia nyingine nikipata nafasi."

"Usijisumbue," Bhoke alisema. "Mimi nitaendelea kuchemsha tu. Lazima Mama aoge." Kisha kikohozi kikamshika, akageuka upande, akashika nguzo ya jikoni mpaka kikapita.

Hapo Orpah alikuwa ameshinda. Hakuhitaji kufanya lolote isipokuwa kukaa kimya, na kukaa kimya alikujua. Valary alikuwa ameshatoa spana. Nati ya kwanza ililia ikilegea.

"Wacha hiyo," Orpah alisema.

Wote wakamtazama.

"Hiyo mtambo haina ugonjwa. Ni mimi nilikuwa naanika omena juu yake. Jumatatu mpaka Ijumaa." Alinyoosha mgongo. "Na zinakauka vizuri sana. Hakuna mtu aliniambia isitumike hivyo."

Ilikuwa vigumu kwa Cephas kumkemea mama mbele ya fundi, na ingekuwa vigumu zaidi baada ya fundi kuondoka.

"Najua, Mama," Bhoke alisema.

"Unajua nini?"

"Kuhusu omena. Tangu wiki ya kwanza. Nikirudi shule kioo kinanuka ufuo, na ule wavu unauweka nyuma ya pipa."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mama ameanika samaki kwake. Nikuulize kama mtoto wa chekechea?" Alishusha sauti. "Nikaona labda unapenda ya kuni. Kwetu wazee wanasema ya kuni inaingia kwa mifupa."

Orpah alikuwa amefikiri wiki zote hizo kwamba heshima yake imechukuliwa na kioo, kumbe ilikuwa inapuliza moto jikoni kila jioni, inajua kila kitu, na inakohoa.

"Mimi mama mkwe wangu nilimchemshia miaka kumi na saba," alisema, "na hakuna siku moja nilimpelekea kwa mapenzi. Siku zingine nilizidisha moto makusudi, aungue kidogo." Akamgeukia Valary. "Kaza hiyo nati yako. Unafunguafungua vitu za watu."

Valary alikaza. Cephas aliondoka na boti ya saa tisa bila kuelewa kama amegombana na mtu au la.

Jioni ile Orpah alijichukulia taulo, akafuata njia yake ileile ya kando ya ua, akaingia bafuni, akafungua mfereji. Maji yalikuja mengi, moto, hayaishi. Zamani maji ya karai yaliishia kiunoni. Aliosha mgongo, akaosha tena, akasimama tu chini ya yale maji na kuyaacha yafanye yapendayo. Giza lilianza kuingia. Nje Bhoke alikuwa amemaliza kusahihisha madaftari, akaona kiti cha Mama bado kitupu, akaingiwa na hofu. Akasimama katikati ya boma.

"Mama! Uko sawa huko ndani?"

Ilikuwa sauti kamili ya Ntimaru, bila kikohozi, ikavuka ua, ikashuka mpaka kwa wavuvi. Kwa Dolphine ungo ulisimama.

Orpah alisikia vizuri sana. Hakuitikia. Alipunguza mfereji kidogo, ili maji yasizuie masikio ya watu, akangoja aitwe mara ya pili.