Kasa Ambaye Mama Hakumwona

Mama alikuwa na kalenda ya duka la dawa za mifugo ukutani kwake Bumula. Mwaka wake ulikuwa umekwisha zamani, lakini hakuitoa kwa sababu ya picha: kasa anaogelea kwenye maji ya buluu. Mama aliwajua kobe wa shambani tu, wale unaoweza kuwafunika kwa karai. Siku moja tukimenya njugu, aliniambia angependa kumwona huyo wa baharini kwa macho yake kabla magoti hayajamkataa. Hakuwa mtu wa kuomba. Nilirudi Kitale nikamweleza mume wangu, naye akapanga safari ya Watamu, pwani. Hilo simnyimi.

Kwetu Wabukusu, mama na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye nyasi mwenzake apite. Mume wangu alitangulia siku moja, mimi na mama tukafuata. Hotelini yeye alikula mapema, sisi baadaye. Nilijiona hodari wa kupanga. Boti sikuifikiria.

Ilikuwa boti ndogo yenye kioo sakafuni. Viti vyake viwili vilitazamana, watu waketi magoti kwa magoti, wote wainamie kioo kimoja. Nahodha alisema haendi mara ya pili, na sisi tulikuwa tunaondoka mchana huohuo. Mume wangu alishapanda, simu tayari mkononi. Watalii wawili walikuwa wanatungoja.

Mama alisimama maji yakimfika vifundoni, viatu amevishika.

"Endeni tu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mimi siwezi inama na mkwe kwa kioo moja. Mtaniambia."

Mume wangu alisikia. Akatazama baharini, hakushuka. Nami nilijua neno langu moja lingemshusha, lakini nilikuwa naona aibu mbele ya wale wageni, aibu ya kijinga kabisa, na nikaona kama mama ananitia haya makusudi.

"Mama, huku si Bumula," nikamwambia.

Alirudi mchangani, akaketi akiipa bahari mgongo, maana mkwe alikuwa amekunja suruali hadi magotini na haikumfaa kumtazama. Mimi nikapanda.

Tulimwona. Alipita chini ya kioo polepole, mpana kuliko ungo wa mama. Mume wangu alicheka kwa furaha, akapiga picha nyingi. Nilimchukia kwa kicheko kile, na bado niliinama nikatazama mpaka kasa akapotea.

Tuliporudi mama aliuliza kama tumemwona. Nikasema hapana, maji yalikuwa yamechafuka.

"Basi hajanipita," akasema, akavaa viatu.

Nilimwahidi tutarudi. Picha ya kasa mume wangu aliitundika sebuleni kwetu Kitale, nyumba ambayo mama hakuwahi kuingia kwa sababu ileile ya ukwe, kwa hivyo uongo wangu ulikaa salama.

Hatukurudi. Magoti yalimkataa kwanza, kisha figo. Hospitalini Bungoma, nikimnywesha uji, aliniuliza bila kunitazama:

"Ile kobe ilikuwa kubwa?"

Kijiko kilibaki hewani. Nilimwuliza alijuaje.

"Ulishuka kwa boti ukiwa huniangalii," akasema.

Nikamwambia alikuwa mkubwa kuliko ungo wake. Aliitikia kwa kichwa, akaomba uji mwingine. Alikufa wiki hiyo.

Tulimzika Bumula. Mume wangu aliketi kwenye hema la wakwe, mbali na kaburi, wala hakulikaribia jeneza hata mara moja, kama adabu ya ukwe ilivyomtaka. Wazee walimsifu, wakasema huyu ni mkwe anayejua heshima. Nilimkazia macho kwa hasira. Kumbe kukaa kando anaweza, asubuhi hadi jioni, palipo na watu wa kumsifu. Watamu ilikuwa saa moja tu.

Niliapa nitamwambia hivyo tukifika Kitale. Tulifika, akaketi chini ya ile picha, nikampelekea chai, na sikumwambia. Angeniuliza kwa nini siku ile sikumwomba ashuke.