Umeme Nafuu Wagonga Mwamba Mlangoni kwa Armand

Saa tatu asubuhi, Lorraine Pelletier amesimama kwenye theluji, pai ya nyama mkononi, akibishana na mlango uliofunguliwa kiasi cha mnyororo tu.

"Armand, nionyeshe bili yako ya umeme."

"Simwonyeshi mtu bili," inajibu sauti ya ndani. "Wewe mwenyewe ulitukataza."

Ni kweli. Lorraine ni mhudumu wa ukumbi wa wazee hapa Wexbury, Massachusetts. Mwaka jana aliwafundisha wazee kujihadhari na wachuuzi wa umeme wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwasainisha watu mikataba ya bei: usionyeshe bili, usitaje namba ya akaunti, na mgeni akijitambulisha, piga simu ofisini kwake uhakikishe.

Sasa manispaa inanunua umeme wa mji mzima kwa pamoja, kama majirani wanaochangia gunia moja la unga. Nyaya ni zile zile na bili inatoka kwa kampuni ile ile. Kinachobadilika ni bei ya uniti. Wakazi wote wameingizwa, asiyetaka ajitoe. Ila aliyekwisha kusaini kwa mchuuzi anabaki nje mpaka avunje mkataba. Armand Thibodeau, fundi mstaafu wa kiwanda cha nguo, alisaini mwaka juzi ili mchuuzi aondoke, supu isije ikapoa.

Leo analipa senti ishirini na sita kwa uniti, wakati bei ya manispaa ni kumi na nne. Nyumba yake hupashwa joto kwa umeme, hivyo amefunga vyumba vyote na kuhamia jikoni.

"Inaniuma," anasema Lorraine. "Mtu mzima alale ubavuni mwa friji?"

Armand anatangaza kwamba atahakikisha. Anapiga simu ukumbini. Inaita, inaita.

"Hakuna anayepokea," anasema kwa ushindi.

"Atapokea nani, na mimi niko hapa!"

"Matapeli wote husema hivyo, bibie. Pai iache hapo kizingitini."

Lorraine anarudi ofisini akinung'unika. Hajavua hata glavu, simu inalia.

"Kuna mwanamke alikuja kwangu, anajiita Lorraine."

"Ndiye mimi, mkaidi wewe!"

"Ahaa. Basi njoo, wewe nakuamini. Yule mwingine alikuwa na haraka sana."

Mchana, bili inalazwa mezani. Mkataba unavunjwa kwa simu, na Armand anaandikishwa. Bei mpya itaanza mita ikisomwa tena, nayo itadumu miaka miwili. Baada ya hapo hakuna anayeahidi kitu. Mzee anafungua chumba cha kulala, anachungulia kama kitanda bado kipo.

Lorraine amebakiwa na nyumba kumi na moja zenye mikataba kama huo, na anataka kuzimaliza kabla baridi haijakaza. Wenyewe wote walikuwa wanafunzi wake.

"Niliwafundisha mimi," anasema akiwasha gari. "Na Mungu anihurumie, niliwafundisha vizuri."