Trekta la Wote

Nakumbuka, mwanangu, swali lililoninyima usingizi msimu mzima wa kulima: mtu akichorwa na tumbo lake, na mwavuli wake, na trekta lisilo lake, kisha akakasirika, kosa ni la mkono uliochora au la tumbo? Nimelikumbuka leo kwa ajili ya katuni uliyoniletea. Umemchora mkubwa, halafu ukamfuta uso.

Nilikuwa binti wa Chemchem, pale Tabora mjini, nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nikapelekwa Goweko kufundisha kisomo cha watu wazima. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kila wiki nilibandika gazeti la ukutani penye ghala la kijiji: habari kwa herufi kubwa, ili wanafunzi wangu wenye mvi wajisomee, na katuni moja chini. Watu walianza na katuni. Nilichora mbuzi aliyekula daftari, nikachora mume aliyejificha kwenye kihenge ili darasa lisimpate. Walicheka hadi kushikana mabega.

Kisha likaja trekta. Lilikuwa la kijiji kizima, lakini mvua zilipokaribia lilianza na tumbaku ya mwenyekiti, likaenda kwa shemeji yake, likarudi kwa mwenyekiti. Shamba la ujamaa, tulilolitegemea kwa chakula, lilibaki gumu kama kigae. Mvua haimngoji mtu. Ikitupita, watoto wangelala njaa, na kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alinong'ona tu.

Nilichora. Mwenyekiti yuko chini ya mwavuli, trekta liko shambani kwake, wananchi wamesimama mpakani na majembe, naye anawaambia: "Trekta ni la wote, ndugu. Kila mtu anaruhusiwa kulitazama."

Nilicheka peke yangu, kisha nikaanza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikokuwa ugonjwa wangu. Nikampunguza tumbo, asijitambue. Nikamwondolea mwavuli, maana mwavuli wa namna ile Goweko ulikuwa mmoja. Mwisho akawa fisi, na trekta likawa mkokoteni. Nilipobandika, watu waliinamisha vichwa huku na huku. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu fisi kauziwa mkokoteni?" Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti mwenyewe alipita, akatazama, akanisifu kwa kuchora vizuri. Sifa ile iliniuma kuliko kofi.

Siku hizo akafariki mjomba wa mwenyekiti. Msibani akaja Mzee Pazi, Mzaramo aliyeletwa na kazi ya reli akaoa kwetu. Wajua, mwanangu, Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya wapagazi iliposhuka pwani. Mtani ana haki ya kukutania hata ukiwa na machozi, nawe huna haki ya kununa. Mzee Pazi akavaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, wafiwa wakacheka huku wanalia. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Wewe usihangaike kutafuta wachimbaji. Siku yako trekta litakuchimbia lenyewe, maana halimjui mtu mwingine!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, jasho likimtoka.

Nilimngoja Mzee Pazi arudi kutoka makaburini. Alikuja na sepetu begani, udongo mpaka viwikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mchumba. Fisi wako hajambo?"

"Mzee, wewe ni mtani wao. Mimi Mnyamwezi mwenzao nitasemaje?"

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi baharini. Wewe karatasi moja imekuelemea?" Akacheka, kisha akakunja uso. "Sikiliza, binti. Mtani hukutania usoni, nawe unamjua jina. Akishatania hakimbii, anashika sepetu anachimba. Wewe umesema ukajificha. Huo si utani, huo ni umbea wenye picha."

Kesho yake nilichora upya: tumbo, mwavuli, trekta. Chini nikaandika jina langu kamili. Na pembeni nikajichora mimi, msomi wa chuo kikuu, natetemeka nyuma ya fisi. Nikabandika asubuhi, wakati watu wakienda shambani, nikasimama hapohapo na jembe langu.

Mwenyekiti akaja chini ya mwavuli wake, na hilo likazidisha kicheko, maana sasa walikuwa wawili.

"Mwalimu, bandua."

"Sibandui, Ndugu Mwenyekiti. Nionyeshe nilipoongopa, nitapafuta mbele ya watu wote."

"Unajua naweza kukuhamisha?"

"Najua. Lakini leo nipo, na nakwenda shamba la ujamaa."

Nikaenda, jembe begani, na watu wakanifuata. Jua halijawa kali tukasikia muungurumo. Trekta lilikuwa linakuja upande wetu. Mwezi haukuisha nikahamishiwa Usinge. Nako nilikuta ukuta, nikabandika.

Basi, mwanangu, mrudishie yule mkubwa uso wake. Mficha maradhi, kilio humfichua. Usimchore mnyonge aliyeanguka. Mchore aliyesimama juu ya chakula cha wenzake, na nawe ujicheke palepale, asije mtu akadhani unajiona malaika. Jina lako liandike lisomeke. Ukishachora, usikimbie, kuna kazi ya jembe inakungoja pamoja na hao uliowachekesha. Mungu akupe mkono usiotetemeka; na ukitetemeka, mwanangu, akujalie uchore hivyohivyo.